Kinanda cha Chaki

Jumatatu, 10 Machi

Nimechora tena. Vitufe sitini na kimoja, kwa chaki ya kushonea, pembeni mwa meza ya kukatia vitambaa. Kila jioni viwiko vya wateja vinakuwa vimeshavifuta. Kila asubuhi nachora upya kabla sijatoa cherehani nje. Mtu mzima na akili zangu, napiga meza. Jirani wa duka la viatu ameshazoea, haulizi tena.

Kinanda cha kanisa kilikufa Januari. Paa lilivuja juu yake wiki nzima, nasi tulikuwa tumekifunika kwa kitenge, ati tunakikinga na vumbi. Kitenge kikanywa maji yote kikakinywesha kinanda. Tangu siku hiyo kwaya yetu ya Kisesa inaimba bila chombo, na mimi mpiga kinanda nakaa kwenye benchi mikono mapajani kama mgeni.

Pesa ya kununua kingine ipo. Ni ya choroko. Kwaya nzima tulilima, tukapalilia, tukavuna, na mgongo wangu unakumbuka. Imewekwa kwenye simu yangu ndogo kwa sababu mimi ndiye ninayejua vinanda. Naiogopa simu hiyo. Naiweka ndani ya kopo la vifungo.

Jumatano, 12 Machi

Nimekiona. Mtandaoni, kwenye kundi la wauza vyombo vya muziki. Kimetumika lakini kisafi, vitufe sabini na sita, nusu ya bei ya dukani. Picha imepigwa karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi umelala juu ya vitufe. Niliitazama mpaka pasi ikaunguza gauni la mteja. La sendofu. Kidogo tu, kwenye pindo. Nitalipunguza urefu, hatajua.

Muuzaji anajiita Mtumishi Joel. Yuko Dodoma, anapiga kinanda kanisani kwao, anauza kwa kuwa anakwenda masomoni. Alipopiga simu alianza na Bwana asifiwe. Aliposikia ninavyoongea akanisalimu, "Mwadila!" Kumbe Msukuma mwenzangu, mama yake wa Magu. Nikayeyuka. Nikamweleza habari zote za choroko, mimi na mdomo wangu. Akasema tuombe kwanza. Nikainamisha kichwa pale pale dukani, pini mdomoni.

Aliomba vizuri. Aliwaombea hata waliopalilia.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua mchana. Mtaa wote wa Nyamagana umejificha chini ya mabati. Hakuna mteja.

Napiga meza. Kinanda chetu kilichokufa kilikuwa kifupi, vitufe sitini na kimoja. Hiki cha chaki leo nimekirefusha kwa sababu ndivyo kilivyo cha Joel. Mkono wa kushoto umeanza kwenda kule ambako haujawahi kufika. Kuna wimbo unatoka huko. Siusikii masikioni. Nausikia kwenye vidole, na mvua inauongezea maneno yake, na sijui saa nzima imekwenda wapi.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nilikwenda ziwani peke yangu. Nilikaa juu ya jiwe lenye joto. Wale wadudu wadogo walikuwa wametoka majini, wamesimama juu ya ziwa kama moshi wa mtu anayepika katikati ya maji. Maji hayakwenda popote. Nilisinzia macho wazi. Wimbo ukaja wote, mistari saba, nikauandika kwa solfa nyuma ya daftari la vipimo, karibu na kiuno cha Mama Grace.

Tatizo ni mwisho. Unashuka, unashuka, unafika kwenye noti ya la, ya chini kabisa, halafu basi. Haufungi. Nimebaki mlangoni na funguo sina.

Huyo Mama Grace ndiye mwenyekiti wa kwaya. Leo alinishika mkono nje ya kanisa. Anataka kinanda kabla ya Pasaka. Kwaya ya jirani imeshapata kipya na inapita ikitutazama.

Jumatatu, 17 Machi

Joel anasema kuna mnunuzi wa Shinyanga anamsumbua. Nikitaka anishikie, nitume nauli ya mzigo akifungashe. Nimetuma elfu thelathini. Yangu, siyo ya kwaya.

Nataka niandike kila kitu hapa maana sitamwambia mtu. Kabla sijathibitisha, simu ilileta jina la mpokeaji. La mwanamke. Nikampigia Joel, akacheka: laini ya mke wangu hiyo, dada Kabula. Nikabonyeza. Halafu akanitumia picha ya risiti ya mzigo wa basi. Pembe yenye tarehe imekatwa. Nikajiambia niache ushamba.

Tatizo letu ni hili. Kwenye kwaya hatudaiani risiti. Kitabu unaazima bila kuandikwa, sare ya mwenzio unaivaa mwaka mzima. Ukimwambia mtumishi akuoneshe kwanza, umemwita mwizi mbele ya Mungu mliyetoka kuzungumza naye. Na Joel anaomba mwanzo wa simu na mwisho wa simu. Nafasi ya kuuliza haibaki.

Jumatano, 19 Machi

Nilisinzia juu ya meza baada ya chakula. Nikaota kinanda kiko ziwani, maji ya magoti, sato wanapita kati ya vitufe na kila anayegusa anatoa sauti. Nilikuwa nawaambia wapite polepole. Nimeamka na chaki shavuni, vitufe vinne vya juu. Mteja alinionesha kwenye kioo, tukacheka.

Joel anataka pesa yote kabla ya Ijumaa mchana, ndipo aachie mzigo. Nikamwomba anipigie kwa video nikione. Mtandao mbaya. Nikaomba tena jioni. Amefiwa na bibi yake. Nikampa pole, maana watu hufiwa kweli. Tukamwombea bibi.

Baada ya amina nilikuwa na swali mdomoni na nikalimeza. Nimejikasirikia mpaka sindano ikavunjika.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefunga duka, nimekwenda Bujora kwa Mwalimu Masanja. Ndiye aliyenifundisha solfa nikiwa na miaka tisa, kwa fimbo ya mtama na uvumilivu. Ana miaka sabini na kitu sasa, na sauti yake bado inatoka chini ya ardhi. Shikamoo, marahaba, maziwa mgando. Kisha nikamwaga yote. Hata elfu thelathini. Hata jina la mwanamke.

Hakucheka. Aliishika simu mbali na macho akaitazama ile picha ya kinanda muda mrefu. Aliuliza kama kuna mtu yeyote amekisikia hicho kinanda. Nikasema alishanitumia tenzi tatu zilizopigwa juu yake. Akasema tenzi kila mtu anazo, zimerekodiwa zamani, hata mbuzi wake anaweza kuzituma.

"Kabula, mtu akikuombea, itikia amina. Ukishaitikia, mpe wimbo ambao hajausikia mtu, aupige leo."

Ninao mmoja tu wa namna hiyo. Hata yeye Mwalimu hajausikia. Kuutuma kwa mtu nisiyemjua niliona kama kuvua nguo stendi. Nilizunguka zunguka uani kwake, nikatazama kuku. Saa nane nikapiga picha ukurasa wa daftari, nikatuma. Nikaandika: nipigie huu leo, kwenye hicho kinanda, nikiusikia natuma pesa yote mara moja.

Akajibu amina.

Mama Grace ameuliza mara mbili kama nimeshatuma. Nimemwambia kesho. Nikikosea, kesho hiyo kwaya nzima itakuwa imemlimia mwizi, na jina litakalotajwa kila ikitajwa choroko ni langu.

Ijumaa, 21 Machi

Ujumbe wa sauti ulikuja asubuhi, nikiwa bado nachora. Niliuweka sikioni, nikafumba macho.

Loh. Anajua kupiga. Siyo kubahatisha, anajua. Mstari wa kwanza aliutembeza kama mtu anayetoka kuoga ziwani, hana haraka. Mara ya kwanza maishani nausikia wimbo wangu kwa masikio. Niliona mawe, niliona ule moshi wa wadudu, niliona mpaka kivuli changu juu ya maji. Nilisahau kabisa kwamba namchunguza.

Mstari wa saba unashuka. Akashuka nao. Alipofika kwenye la ya chini, akaruka. Akaipiga juu.

Nilirudisha. Akaruka tena. Nilirudisha mpaka jirani wa viatu akauliza kama redio imekwama. Akaruka kila mara. Nikaweka kidole kwenye chaki, nikahesabu kutoka kushoto. Kitufe hicho kwenye kinanda kirefu kipo. Kwenye kifupi hakipo. Mbele ya Joel kulikuwa na kinanda kifupi kama kile chetu kilichokufa. Kile cha dirishani na mwanga wa asubuhi hana. Labda hajawahi kukigusa.

Angeweza kubonyeza kile kitufe cha kushusha noti zote ziwe za chini zaidi, kila mpiga kinanda anakijua. Hakubonyeza. Sijui alisahau, au alitaka nisikie.

Na hakuishia nilipoishia mimi. Aliendelea. Mistari miwili, siyo yangu, sikumpa. Ilipanda kidogo, ikageuka, ikatua. Ikafunga. Kwa namna ile ile niliyoitafuta wiki nzima juu ya meza nikaikosa.

Nililia. Kwa hasira, na kwa kile kingine pia. Mteja akaniuliza nani amefariki, nikasema bibi wa mtu.

Nilimwandikia: Kinanda chako ni kifupi, mtumishi. Mwisho wa wimbo ni mzuri. Pesa situmi.

Tiki mbili zikawa bluu. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Kisha picha yake ikaondoka, na saa sita simu yake haikupatikana. Elfu thelathini yangu imekwenda. Pesa ya choroko iko palepale kwenye kopo la vifungo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimewaambia kwaya wote, kabla ya mazoezi, nikiwa nimesimama. Nilidhani wataniondoa kwenye benchi. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko pesa.

Mama Grace alifoka, kisha akasema hata yeye angetuma, tena Jumatano. Wakubwa kwa wadogo wakaanza kutoa hadithi zao za kutapeliwa. Mmoja aliuziwa simu ndani yake kuna sabuni ya kipande. Kumbe tumejaa.

Tumekubaliana. Pesa iende benki, watu watatu wasaini. Kinanda tutakwenda kukiona kwa macho, mchana, watu wawili, kichomekwe kwenye umeme, nipige kitufe kimoja kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo pesa itoke. Na maombi tutafanya baada ya kununua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimejaribu kuufunga wimbo mwenyewe. Nimeandika miisho mitatu. Wa kwanza unachechemea. Wa pili nimeuiba kwenye wimbo wa harusi bila kujua. Wa tatu ni ule ule wa Joel, nimeuvisha miwani tu.

Nilimpelekea Mwalimu Masanja, nikamwambia ukweli kuhusu ile mistari miwili. Aliiimba kwa sauti ya chini, ameshika bakuli la uji. Nikasema naona aibu kuimba kanisani kitu cha tapeli. Alimaliza uji wote kwanza.

"Umemlipa elfu thelathini," akasema. "Wimbo ni wako."

Sijui. Nimerudi na njia nzima naona mikono ya mtu nisiyemjua uso, ndani ya chumba chenye joto huko Dodoma, kama ni Dodoma, juu ya kinanda kifupi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kinanda hatuna bado. Alhamisi tunakwenda kuona kimoja, mimi na Mama Grace.

Tumeuimba. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, milango ya kanisa wazi, harufu ya udongo ndani mpaka madhabahuni. Nilikaa kwenye benchi langu, vidole vikitembea mapajani. Mstari wa saba ukashuka. Mwalimu Masanja alikuwa amekuja na kanzu yake ya zamani ya kwaya, akasimama nyuma na wanaume, na ulipofika kwenye la ya chini hakuruka. Aliikalia. Niliisikia kwenye mbao za benchi. Kisha wote wakaingia kwenye ile mistari miwili, ikapanda, ikageuka, ikatua. Watoto waliokuwa wanachezea viatu wakaacha. Nilikuwa na furaha, na uchungu kidogo, na sikutaka kuvitenganisha.

Jioni hii nimeunakili upya kwenye daftari kubwa la kwaya kwa kalamu ya wino. Juu nimeandika mtunzi, Kabula. Chini nikaacha nafasi. Nimekaa nayo mpaka chai ikapoa, halafu nikaandika kwa herufi ndogo: mistari miwili ya mwisho, Joel, kama ndilo jina lake.

Wino umekauka. Kesho nitachora tena, maana meza ni safi.