Nguruwe Chini ya Paa

Gitega, Jumanne

Na mi ile herufi nilikuwa nimeshaishika! Mwalimu wetu wa Kichina alitupa kisa chake: paa juu, nguruwe chini, ndiyo "nyumbani", kwa sababu zamani kwao mwenye nguruwe ndiye mwenye makao. Niliichora kubwa nikaibandika ukutani.

Mama alipojua ni nini, akaichana. "Humu ndani tunaswali, we unatuletea nguruwe?"

Nikamwambia ni wino tu. Akachukua ufagio akafagia pale chini, kana kwamba mnyama amepita kweli.

Basi leo kwenye jaribio mkono ukagoma. Nilichora paa, chini nikaacha wazi. Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu. "Nyumba hii haina mtu," akasema, darasa zima likacheka. Nikianguka tena, safari ya kusoma Uchina ndiyo basi.

Nimerudi na hasira, nataka kumwambia Mama kila kitu. Nikamkuta anafunika sahani ya Baba.

"Yuko njiani," akasema, kama kila jioni.

Baba yuko Muyinga kwa mke mdogo tangu Ramadhani.

Karatasi ya jaribio nikaikunja, nikaitia mfukoni. Paa tunalo.