Futa Kiti

Mwanangu Deka, hooyo,

Jana wamecheza mchezo wako tena, na watu wamecheka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilikwenda nikitaka ukumbi unyamaze. Mungu anisamehe, nilitaka waone kwamba bila wewe hakuna kitu.

Tangu ulipofariki sijaitwa hooyo na mtu, wala sina wa kumwita. Kwetu mama humwita mtoto jina lile lile ambalo mtoto humwitia yeye, kwa hiyo neno moja limeniondokea mara mbili. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichotungia mchezo, na Kisomali chote nimekimaliza kwa kukulilia. Kwenye karatasi kila herufi naiweka mahali pake, maana darasa la sita la zamani lilikuwa darasa kweli. Ni ulimi tu unaokataa.

Unakumbuka siku mwalimu wako alipokuja nyumbani kuniambia una kipaji? Kana kwamba mimi sikujua! Nikamwambia, "Karibu mwalimu, futa kiti." Nilitaka kusema vuta. Maskini akatoa leso mfukoni, akafuta. Nikamwambia, "Futa, futa tu, usiogope." Akafuta mpaka miguu ya kiti. Wewe ulikuwa mlangoni na birika la chai, ukaketi chini palepale kwa kucheka. "Hooyo, umemfanya mwalimu mtu wa usafi!" Wiki nzima, kila nikitaka kukaa, unakuja mbio na kitambaa.

Nani angejua kwamba kitu hicho utakitungia nyimbo? Ukaandika mchezo wa mama muuza maziwa ya ngamia anayemsifu binti yake mpaka wachumba wanachoka kabla ya kuposa. Binti akacheza mwingine, mama ukacheza wewe. Ulivaa baati langu la zamani, lile gauni pana, na shali yangu, ukajifunga mto kiunoni. Kiuno uliongeza, nilisema siku ile na leo nasema tena.

Ukumbi wenyewe ni kile chumba kidogo karibu na soko, waliokaa mbele magoti yao yanagusa jukwaa. Wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mara ya kwanza watu walikaza nyuso. Ulipoanza kuimba mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Hawa watoto hawana wazazi?" Nikamjibu kutoka upande wetu, "Wapo! Mmoja ndiye mimi!"

Halafu akaingia yule kijana anayecheza mchumba, na wewe ukamwambia, "Futa kiti, mwanangu." Akatoa leso. Akafuta. Ukamwambia, "Nimesema futa!" Akafuta kwa mikono miwili. Jirani yangu alikuwa wa kwanza kucheka, akanipiga paja mpaka likauma. Vijana wa nyuma wakapiga kelele, "Buda, kiti imekuwa mpya!" Mzee mmoja wa mbele, ambaye sijawahi kumwona akicheka hata kwenye harusi, akamwonea huruma mchumba: "Kaa basi, kitatoboka!" Hapo ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nikasimama nikasema, "Huyo ni mimi! Huyo ananiigiza mimi!" Wote wakageuka. Na wewe ukashindwa kuimba, ukajifunika uso kwa shali yangu, mabega yanatikisika. Watu wakakusubiri mpaka ukamaliza kucheka. Walikusubiri, hooyo. Hapa Garissa nani anasubiriwa namna hiyo?

Halafu likaja vumbi, na kifua chako kikabana, na safari hii hakikuachia. Najua haifai kuuliza kwa nini. Siulizi. Lakini pia silali.

Mwende alikuja na wenzake baada ya siku za tanzia kupita. Yule rafiki yako Mkamba, ambaye baba yake anafanya kazi ofisini hapa. Wakakaa kwenye mkeka. Akasema, "Mama, tunataka kuucheza tena. Ukikataa tunaacha, hatutakusumbua." Ningekataaje? Mchezo mzuri kama ule nimfungie nani sandukuni? Nikasema chezeni. Kumbe bado ana ombi.

"Mama, naomba useme 'vuta kiti'."

"Futa kiti."

"Tena, mama."

"Futa kiti."

Yeye v inamtoka yenyewe, ulimi wake umenyooka. Ilibidi ajifunze kukosea. Tulikaa mpaka alasiri namfundisha mtoto wa watu kosa langu, na kila akilisema vizuri moyo wangu unashuka.

Jana alivaa baati jingine, si lile ulilovaa wewe, lile sikulitoa. Alipoingia aliweka mkono kiunoni, akainua kidevu, akatazama pembeni kidogo kabla ya kujisifu. Deka, mimi sitazami pembeni. Nimewauliza watu, sina tabia hiyo. Ile uliiongeza wewe. Yule msichana alikuwa anakuiga wewe ukiniiga mimi. Nilikuona. Kufumba na kufumbua nilikuona pale, na nikafumbua tena nikamwona Mwende.

Wakacheka palepale walipocheka zamani. Kiti kilipofutwa kuna mtu akasema, "Kitatoboka!" na watu wakaangua kicheko kana kwamba neno hilo limezaliwa jana. Siku zote nilidhani walikuwa wanakuchekea wewe, nikatembea sokoni kifua mbele. Kumbe kicheko ni cha mchezo. Akisimama mwingine kinakuja vilevile. Majirani wananiambia nijifariji, kazi yako inaishi. Naitikia. Inaishi, lakini haili chakula nilichopika, hainiiti kutoka uani, hainukii mafuta yako ya nazi.

Tulipotoka, mwanamke mmoja akanishika mikono langoni. Mgeni, ametoka Ijara kumtembelea dada yake. "Walioketi karibu nami wamesema wewe ndiye mama yule. Kwa hiyo yule msichana aliyekuigiza ni binti yako?"

Nikasema, "Ni binti yangu."

"Mashallah! Mungu akutunzie."

"Amin," nikasema. Na hooyo, unanijua, nikianza kukusifu sisimami. Nikamwambia umeandika wewe mwenyewe, nyimbo na maneno yote. Nikamwambia unapenda kulala, ukiamshwa alfajiri unanuna mpaka unywe chai. Nikamwambia nguo huzikunji hata nikikufokea. Ndivyo nilivyosema: anapenda, hakunji, hanuni kwa muda mrefu. Nilisema yote kama mtu aliyekuacha nyumbani asubuhi, na yule mwanamke anacheka, na mimi nacheka naye.

Akaangaza huku na huku. "Yuko wapi basi, nimpe mkono kabla sijaondoka?"

Nikamwambia, "Ametangulia."

"Ah, basi mfuate, mama. Magharibi inaingia, usimwache peke yake."

Akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika lango.

Mola akulaze pema, hooyo, na anipe subira, maana ya kwangu imekwisha.

Ni mimi mama yako, ninayejivuna kwa ajili yako hata sasa.

Mama Deka