Timu ya Mkiani na Viporo Vyake

Bwana yangu Espoir, mjukuu wangu,

Kosa la watu wengi ni kusoma msimamo wa ligi kwa kuangalia pointi peke yake, bila kuuliza kila timu imecheza mechi ngapi. Ni mimi bibi yako, nakusalimu toka Nakivale. Babu anapalilia maharage, na mama yako amepata fasi nzuri ya kuuzia vitenge sokoni Base Camp.

Unauliza kwa nini uendelee na mazoezi huko Mbarara, wakati timu yenu iko mkiani na kocha anakuweka benchi.

Nilipokuwa nasomea ualimu Bukavu, kaka yangu Byamungu alikuwa golikipa wa akiba katika timu ya ligi kuu. Mvua ilikata barabara, mechi zao zikaahirishwa, wakaonekana wa mwisho. Golikipa wa kwanza akasema, "Tumeshashuka," akarudi kwao kulima.

Nikamwambia kaka, "Bado muko na viporo, mechi ambazo hamujacheza."

Akacheka. "Mwalimu, hesabu yako haiwezi kudaka mupira."

Hata hivyo hakuacha mazoezi. Barabara ilipofunguka, golikipa alikuwa yeye tu. Alifungwa mabao mingi, lakini walishinda mechi za kutosha kubaki ligi kuu. Ninachokumbuka zaidi ni utulivu wake golini, kama mtu ambaye msimu wake ndiyo kwanza unaanza.

Nimeangalia kwenye simu: timu yenu nayo ina viporo. Kukupanga au kutokupanga ni kazi ya kocha.

Leo jioni nenda mazoezini.