Kabla ya Kufungua Gundi

Kaka yangu,

Mama anakusalimu. Goti lake limepoa, ulimi bado. Mimi nimemaliza kozi ya kubandika kope, na cheti nimekitundika juu ya kitanda cha wateja. Mwalimu wetu alikuwa mkali: jaribu gundi kwenye ngozi siku moja kabla, fungua dirisha, na mteja akitokwa machozi, acha kazi mara moja, maana mvuke wa gundi unaunguza.

Jumamosi mteja alikuwa mkeo. "Wifi," alinitania akijilaza, "usije ukanigandisha macho, nikashindwa kumwona kaka yako akirudi." Nilicheka, nikambandika utepe kwenye kope za chini, nikamwambia afumbe macho. Hapo akaniuliza polepole, "Kwani huko aliko ana mtu?"

Nami najua jina la huyo mtu, na la mtoto uliyezaa naye.

Nilimwambia asiongee, kwamba mteja akiongea gundi huingia machoni. Kisha machozi yakapenya pembeni mwa utepe. Nikamuuliza kama gundi inamwasha. "Inawasha kidogo," akasema. Kichupa cha gundi kilikuwa mkononi mwangu, hata sijakifungua.

Kanuni nilizofundishwa ili zimlinde yeye, nimezitumia kukulinda wewe.

Kope nilimbandika hivyo hivyo; wiki ya tatu tangu Jumamosi ile atarudi kujazia zitakazokuwa zimedondoka. Mwambie kabla ya hapo. Usipomwambia, nitamwambia mimi, kabla sijamlaza, akiwa ananitazama.

Mdogo wako, anayekupenda na kukuonea haya