Silinda Nane za Butihinda

Jumapili, 2 Agosti. Gitega

Injini imekufa jana Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni, kwenye banda la mashine ya kusaga la kaka yangu Deo, Butihinda. Simu imenikuta natia grisi bawaba za milango ya gari ninalolifufua, kama kila Jumapili. Bawaba nane. Nilikuwa nimefika ya sita. Nikamalizia mbili zilizobaki. Sijui kwa nini.

Gari lenyewe liko tayari. Miezi ishirini na sita ya kazi. La Kibelgiji, la 1936, la matajiri wa siku zile. Boneti peke yake mita moja na sentimita sitini na mbili. Chini ya bati kuna fremu ya mbao. Iliyooza nimeitoa, nimechonga vipande 23 vya grevilea, hakuna kilichopishana zaidi ya milimita moja. Spoku zote nimezinyoosha kwa mkono. Limebaki tundu la injini tu.

Injini yake halisi, silinda nane kwenye mstari mmoja, aliichukua baba. Alikuwa dereva wa Mzungu mwenye gari. Mzungu alipoondoka aliuza bodi huku mjini, baba akapewa injini, akaifunga nyumbani isage mahindi. Imesaga miaka arobaini na zaidi.

Hiyo ndiyo urithi wangu. Nimerudi kutoka Tanzania mtu mzima, sina hata futi moja ya udongo. Mwezi wa sita tukakubaliana na Deo mbele ya majirani wawili, bia ya ndizi ikanywewa: shamba lote lake, injini yangu. Juu yake nikampa injini ya dizeli ili mashine yake isisimame. Nimeshaileta Butihinda, nimeshaifunga kando ya ile ya zamani. Lori la kuchukua ya kwangu lilikuwa liende kesho.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeahirisha lori. Mzee Hamisi, mwenye gari, kaja na kofia yake safi, kalizunguka mara mbili.

"Fundi, bibi harusi yetu iko navaa tangu mwaka juzi. Ataolewa lini?"

Nimecheka. Nimesema wiki hii. Uongo wa kwanza kumwambia. Gari likitembea kwa injini yake, banda hili linakuwa gereji yangu. Hayo ndiyo maneno yake. Lisipotembea hakuahidi kitu.

Jumanne, 4 Agosti. Butihinda

Gari la abiria mpaka Muyinga, halafu pikipiki. Vumbi mpaka kwenye meno.

Waliiaga. Ndivyo anavyosema Deo. Kitu kilicholisha kilima kizima hakiondoki kimya kama mwizi. Kwa hiyo Jumamosi kila nyumba ikaleta mahindi au muhogo, kusaga bure, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Madebe 61. Muda wa saa kumi na mbili na nusu bila kuzima. Kina mama wakaipaka unga kichwani. Waliimba.

Haikuwa na oili. Niliimwaga mwenyewe Alhamisi jioni, lita saba zote, kwa ajili ya safari. Nikaziweka kwenye madumu mawili nyuma ya mlango. Nilimwambia Deo: usiiguse. Sikumwambia kwa nini. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: sikumwambia.

Alipima kwa kijiti, akaona pakavu. Akatia mawese, lita tatu, kutoka jikoni kwa shemeji.

Nikamuuliza, na madumu je? Yalikuwa hatua nne kutoka pale aliposimama.

"Yale ni yako. Kitu yako mi siigusi. Kesho useme nimekuibia, Mtanzania we?"

Nilitoka nje. Nilikaa juu ya kinu cha zamani hadi miguu ikafa ganzi.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeifungua. Inanuka sambusa.

Madini meupe ya beringi yameyeyuka yote, yametiririka, yameganda chini kama uji wa jana. Hilo linatengenezeka. Nina sufuria, nina risasi na bati, najua kumimina. Nilianza hata kuhesabu: beringi tano kubwa, nane ndogo, siku tisa.

Kisha nikauzungusha mhimili mkuu, kranki yenyewe inayosukumwa na pistoni, kwa mkono. Upande wa mbele ukazunguka. Wa nyuma haukuzunguka.

Umekatika vipande viwili, kati ya silinda ya sita na ya saba. Sikuwa na hesabu tena.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeosha vipande kwa mafuta ya taa, nikavianika juani. Nimepima mara tatu.

Pale ulipokatika kipenyo ni milimita 58. Chuma kilichokatika juzijuzi kinang'aa kama sukari. Kilichopasuka zamani ni cheusi, kimeshika oili na kutu. Cheusi: milimita 41. Kinachong'aa: 17.

Ufa ulikuwemo. Miaka kumi, ishirini, labda tangu baba. Kila debe la mahindi liliusogeza kidogo. Hata na oili safi, hata bila madebe 61, mhimili usingemaliza kilima cha kwanza kutoka banda la Mzee Hamisi. Ungekatika mbele ya watu, mimi nimeshika usukani.

Hakuna Gitega, hakuna Bujumbura, mtu wa kuchonga mhimili kama huu. Niliuliza mwaka jana, kwa tahadhari tu.

Urithi wangu ulikuwa milimita kumi na saba.

Ijumaa, 7 Agosti

Sijamwambia Deo. Anaamini ameiua yeye. Anatembea ameinamisha kichwa, na mimi namwacha. Maharage yake sijala.

Jumamosi, 8 Agosti

Baltazari kaja, mmoja wa wale majirani wawili waliokunywa bia yetu. Shemeji kaleta viti nje. Nikasema nilichokuja kusema: ng'ombe anayefia kwenye zizi la mtoaji ni hasara ya mtoaji. Injini imefia kwa Deo. Basi makubaliano hayapo, tugawane shamba.

Baltazari akavuta mrija wake wa bia taratibu.

"Ng'ombe huyo, nani alimkamua Alhamisi?"

Shemeji akacheka, akajiziba mdomo. Hata mimi ningecheka, kama angekuwa ng'ombe wa mtu mwingine. Eti aliyetoa lita saba ameshatia mkono, ni mali yake, imefia mikononi mwake.

Deo akatazama mbinguni. Akasema mvua mwaka huu itachelewa. Namchukia anavyofanya hivyo. Nimemkumbusha: nimeondoka hapa kwenda Tanzania mgongoni kwa mama nina miaka minne, yeye alibaki na baba. Amekuwa na baba, na shamba, na sasa na injini yangu ya dizeli. Nimebaki na nini?

"Na hasira," akasema. Halafu akaniongezea bia.

Ningeweza kutoa vile vipande viwili na kuwaonyesha rangi. Nikavisukumia chini ya gunia. Ufa ungemsafisha Deo, na mimi sikutaka asafike.

Jumatatu, 10 Agosti. Gitega

Nimemwambia Mzee Hamisi. Yote, na milimita. Alisikiliza amesimama, mkono juu ya taa ya mbele.

"Injini ya gari ingine, haiingii?"

Inaingia. Nikate fremu, nihamishe ukuta wa mbele, nitoboe. Litatembea. Halitakuwa lile.

Akafikiri. Kisha: "Hapana. Babu yangu alinunua ikiwa haina roho, na mi nitakufa ikiwa haina roho. Tuisukume ndani, fundi."

Tukalisukuma hadi stoo ya nyumbani kwake, mimi na yeye na wauza makaa wanne. Milango yake imejifunga kwa sauti moja, kama inavyotakiwa. Banda analihitaji mpwa wake kuwekea mbao. Nina mpaka mwisho wa mwezi kutoa vyombo vyangu. Hakunikemea. Ingekuwa afadhali.

Jumanne, 11 Agosti

Sikufanya kazi. Miaka ishirini sijawahi kuandika hivyo.

Jumatano, 12 Agosti

Nimeamka mapema, nimefagia banda. Kumetulia. Kengele za kanisa la Mushasha, halafu kimya.

Nimemwandikia Deo. Kwenye simu anageuza maneno, kwenye karatasi hawezi. Barua pamoja na kile kipande cha nyuma nimevifunga kwenye gazeti, nimempa dereva wa gari la Muyinga. Nakala naiweka hapa:

"Kaka Deo. Tazama pale ulipokatika. Cheusi ni ufa wa zamani, kinachong'aa ndicho cha Jumamosi ile. Hukuiua wewe, wala mawese, wala watu wa kilima. Nilijua tangu Alhamisi tarehe 6 nikanyamaza. Naomba radhi kwa siku hizo.

Lakini ina maana kitu ulichonipa mwezi wa sita kilikuwa kimeshakatika, hukujua wewe, sikujua mimi. Tulinywea bia kitu kisichokuwepo. Dizeli ni yako, siidai. Nauliza moja tu. Kwenye shamba la baba nina sehemu au sina? Usiniambie mvua. Usimtume Baltazari. Jumapili hii, tarehe 16, saa sita kamili mchana, nitakuwa nimesimama uani kwako. Kabla kivuli hakijahama unijibu kwa mdomo wako: ninayo, au sina?"