Unga Mweupe Ndani ya Kinanda cha Mama

Hellevåg, Norwe
17 Juni 2019

Mpendwa kaka Eilif,

Hujambo huko Perth? Goti lililokusumbua tangu Pasaka limepoa? Sisi tu wazima kabisa. Usinicheke kwa mwandiko huu, naandika mbio kwa furaha.

Binti yangu Ingvild kaolewa juzi, Jumamosi, na kinanda kilipigwa! Ngoja nikueleze kwa nini hilo ni ajabu.

Alhamisi asubuhi taa kuukuu iliunguza pazia kule kanisani, juu kwenye roshani ya kinanda. Oddbjørn, mtunza kanisa, akapanda mbio na kumwaga mitungi miwili ya unga wa kuzimia moto. Moto ulikufa kabla wazima moto hawajafika. Lakini ule unga mweupe, kaka! Ulitanda kwenye viti, madhabahuni, na ndani ya kinanda alichokipiga marehemu mama miaka arobaini.

Nilipofika, akina mama wa kwaya walishajaza ndoo maji. Unakumbuka nilipoacha kazi ya benki nikaenda kusafisha nyumba zilizoungua, ukanibandika jina la Malkia wa Majivu? Basi siku yangu ilikuwa imefika.

"Wekeni ndoo chini," niliwaambia. "Unga huu ukilowa unashika kama saruji, halafu unakula chuma."

Oddbjørn alikuwa ameketi kwenye ngazi, mweupe kama mwoka mikate. "Ragnfrid, nimeua kinanda cha mama yako," akasema.

"Umeokoa kanisa, mzee. Kinanda niachie mimi. Vaa barakoa, uje unishikie tochi."

Tulifungua madirisha yote. Nilileta mashine yangu ya kuvuta vumbi yenye chujio laini, maana zile za nyumbani hulitema vumbi upya. Fundi wa kinanda alikuja kutoka Bergen, akatikisa kichwa, kisha akakunja mikono ya shati. Akawa anachomoa filimbi, yale mabomba yanayotoa sauti ya kinanda, moja moja, mimi nazisafisha kwa brashi na kitambaa kikavu. Filimbi mia nne na kumi na mbili! Oddbjørn hakuiweka tochi chini ila kwa kahawa.

Ya mwisho tuliirudisha Ijumaa jioni. Fundi alisema hawezi kuahidi kitu.

Jumamosi Ingvild akasimama mlangoni, nami nimefumba macho. Sauti ya kwanza ikatoka, na filimbi moja ikapiga chafya! Wingu dogo jeupe likatua kwenye koti jeusi la Oddbjørn. Kanisa zima likacheka, kisha muziki ukatujaa hadi kifuani. Mzee wa watu alilia waziwazi. Unga ule hakuupangusa mpaka keki ilipokatwa.

Nisalimie wifi Marit na mapacha. Shangazi Gudrun anakuombea, na Ingvild anakuwekea kipande cha keki kwenye friza.

Mungu awafunike kwa amani yake.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Ragnfrid