Mwaridi wa Baba Usiguswe

Mama, na wewe dada Ghanima,

Chai iko kwenye termosi. Mwaridi wa marehemu Baba usiguswe na mtu.

Ule unga wa rangi ya machungwa chini ya majani ni kutu, ugonjwa wa ukungu, na vidole huubeba. Mama, juma lililopita uliwatangazia majirani kwamba mwaridi unaumwa. Wakaja kuujulia hali, kila mmoja akipapasa majani na kusema pole. Mama Hiba alitoka hapa akaenda kupapasa wa kwake. Sasa nao unaumwa, naye anatusubiri tukautembelee. Chuoni nilisomea mimea, si majirani.

Leo asubuhi nilipokata majani yenye ugonjwa ulisema, “We mutoto, unamukata baba yako masikio?” Iliniuma. ~~Basi mtibuni wenyewe.~~ Nilikata ili abaki.

Majani yamo kwenye mfuko, yachomeni. Ghanima, maji mwagia shinani tu, majani yabaki makavu. Wageni wakija wakae barazani, waombe dua kwa mbali.

Nimekwenda kwa Mama Hiba na mkasi. Nimebeba na sukari, maana mgonjwa hatembelewi mikono mitupu.

Mwanao, na kaka yako,
Zayd